Ra's al Ghul: jina letu, katuni ya Kimarekani na fedha za harusi

Jina hili katika nyumba zetu halihitaji mkalimani. Ra's al Ghul, kichwa cha zimwi. Lakini ukiwauliza watu maadui wa Batman watakutajia Joker na Penguin, basi. Huyu mzee wa joho la kijani wengi wamemjua kwa filamu ya Batman Begins ya mwaka 2005, aliyocheza Liam Neeson. Kumbe alianza kwenye vitabu vya katuni vya bei rahisi zaidi ya miaka 30 kabla yake, na leo wako vijana wetu Maskati na Dubai wanaovisaka vitabu hivyo kama watu wanavyosaka sarafu za zamani.

Mimi habari hii nimeletewa na dada yangu kwa simu. "Kaka, sema na mwanao. Harusi imeshakaribia, yeye ananunua katuni za mashetani." Mwanangu huyo ni mpwa wangu, ana kazi ya ofisini Maskati, na mwaka wa tatu sasa anakusanya matoleo ya mwanzo ya Ra's. Nikaona nisiseme naye kabla sijavisoma. Nimesahihisha madaftari maisha yangu yote, na daftari halitiwi alama kabla ya kufunguliwa.

Matoleo anayoyataka ni saba. La kwanza ni Detective Comics namba 411, la Mei 1971. Humo Ra's mwenyewe hatokei, lakini ndimo anamoonekana binti yake, Talia, kwa mara ya kwanza. La pili ndilo kubwa: Batman namba 232, Juni 1971, bei yake siku hizo senti 15 za Kimarekani. Halafu namba 235, 240, 242, 243 na 244, hili la mwisho la Septemba 1972. Mwandishi ni Dennis O'Neil. Mchoraji aliyemtia Ra's sura yake ni Neal Adams, na jina lilitolewa na mhariri wao, Julius Schwartz.

Kisa cha namba 232 kimenichekesha. Robin ametekwa nyara. Ra's anaingia mwenyewe katika pango la Batman, amekwisha kumjua ni nani, na anasema binti yake naye ametekwa. Wanasafiri mpaka Calcutta, wanapanda Himalaya, na mwishowe inadhihirika kuwa mambo yote yalipangwa na Ra's. Alikuwa anamjaribu Batman, kwani anatafuta mume wa Talia na mrithi wa kazi yake. Yaani ni mzee anayemchunguza mchumba! Nilimwambia dada yangu kuwa baba zetu walifanya hayo hayo, ila wao waliulizia msikitini na sokoni.

Namba 243 inaleta shimo la Lazarus, dimbwi ambalo Ra's hutumbukizwa akifa, akatoka mzima. Sisi tuliosoma skuli za misheni tunamjua Lazaro aliyefufuliwa katika Injili, kwa hivyo jina hilo halikunipa taabu. Namba 244 ina mapigano ya panga jangwani, Batman anaumwa na nge, na Talia ndiye anayempa dawa.

Kuna jambo sikulipenda, na nilimwambia mpwa wangu. Adui akitafutiwa jina la kutisha, anapewa la Kiarabu, na watengenezaji wenyewe hawalitamki sawasawa. Katika katuni za televisheni wanasema "Reish", katika filamu "Raz". Yeye akanijibu kwa adabu: "Lakini mjomba, huyu si jambazi mjinga." Ni kweli. Ra's ni msomi, na ugomvi wake na walimwengu ni kuwa wanaiharibu ardhi. Dawa yake ndiyo mbaya, kwani yuko tayari kuua watu wasiohesabika.

Na jina lenyewe ni la zamani kuliko Marekani. Ni jina la nyota, ile Wazungu wanayoiita Algol, waliyoichukua kwetu. Kila baada ya siku 2 na saa kama 21 mwanga wake hufifia, kisha hurudi, kwa sababu ni nyota zaidi ya moja na moja hupita mbele ya mwenzake. Na sisi Waswahili tuna Utenzi wa Rasi 'lGhuli, wa Mgeni bin Faqihi, uliochapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1979, unaosimulia vita vya Waislamu na mfalme mwenye jina hilo. Ni mmoja wa tenzi zetu ndefu kabisa. Nilipomkumbusha dada yangu alinyamaza kidogo, halafu akauliza: "Ndo yule wa utenzi wa baba?" Nikamwambia jina ndilo, mtu siye. Tangu hapo neno "mashetani" sijalisikia tena.

Zikabaki fedha. Bei ya vitabu hivi inakwenda na hali yake. Iko kampuni ya Marekani, CGC, ilianza mwaka 2000, inayokipima kitabu na kukipa alama kutoka 0.5 mpaka 10, kisha inakifungia ndani ya plastiki ngumu. Jalada likivunjika mgongoni, pini zikishika kutu, karatasi ikigeuka manjano, alama zinashuka. Na karatasi za siku zile ni za magazeti, haziivumilii hewa ya pwani. Mpwa wangu anaviweka wima, kila kimoja na mfuko wake na kadibodi isiyo na asidi, katika chumba chenye kiyoyozi.

Hata hivyo ameshaumia. Muuzaji mmoja wa mtandaoni alimuuzia namba 232 kuwa ni ya 1971, kumbe ni nakala ya kisasa, na fedha hazikurudi zote. Wazazi wenye vijana kama hawa wajue: senti 15 juu ya jalada si ushahidi, kwani nakala mpya nazo zimeichapa. Fungua usome maandishi madogo ya mchapishaji, na uitazame karatasi. Na kitabu kilichotengenezwa upya kwa gundi au rangi hakiuzwi bei ya kile kisichoguswa. CGC hukipa lebo ya zambarau.

Sasa anaitaka namba 232 ya alama za juu, ambayo ingekula sehemu nzuri ya fedha za harusi. Nimemwambia yenye alama ndogo inasomeka vile vile, na mke haingii ndani ya plastiki. Tumekubaliana, mama yake akisikiliza kwenye simu: hakuna kununua mpaka harusi ipite, vilivyopo visiuzwe wala visitupwe, na yeye ausome utenzi wote kabla ya kunitajia tena Ra's.

Mchumba wake amepata habari. Ameomba aazimwe kile kisa cha baba anayemjaribu mkwe.