Ndama wa Tana, Kati ya Mbung'o na Mafuriko

Katika miaka ya 1980, kwenye ranchi ya Galana, watafiti nchini Kenya waliwalisha pamoja ng'ombe wa makundi mawili katika vichaka vyenye mbung'o. Wote walikuwa Boran kwa jina. Kundi moja lilikuwa la ranchi yenyewe, lililozalishwa kwa ajili ya nyama. Jingine lilitoka kwa Waorma wa Mto Tana. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1985 yalionyesha kuwa ng'ombe wa Waorma waliambukizwa nagana mara chache zaidi, na walioambukizwa hawakuishiwa damu upesi kama wenzao.

Nagana huletwa na vimelea ambavyo mbung'o huviacha mwilini anapofyonza damu. Chembe nyekundu huharibiwa, mnyama hukonda, manyoya husimama, na jike mwenye mimba huweza kuitupa. Vizazi vya ng'ombe vimelishwa kando ya Tana miongoni mwa mbung'o hao. Waliokuwa dhaifu walikufa, waliostahimili wakazaa. Mchujo huo uliendelea kimyakimya kabla ya maabara yoyote kuupima.

Hata hivyo, ndama wa Garsen, huko huko Tana, hazaliwi akiwa na kinga kamili. Kondo la ng'ombe halipitishi kingamwili kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, kwa hiyo ndama hutua duniani mtupu, akitegemea zilizomo katika dang'a, maziwa ya kwanza ya mama yake. Utumbo wake hupokea kingamwili hizo vizuri zaidi katika saa chache za mwanzo. Baada ya siku moja hivi mlango umefungwa. Ndama wa kilo 25 anahitaji takriban lita mbili na nusu katika saa 12 za kwanza. Asiyeweza kusimama anyonye ashikiliwe kwenye chuchu, au akamuliwe dang'a anyweshwe kwa chupa safi. Kitovu nacho kipakwe dawa ya iodini, maana ni njia ya wadudu wa magonjwa kuingia mwilini.

Baada ya hapo huja mvutano ambao kila mfugaji anaujua: maziwa ni ya ndama au ni ya watoto? Kiangazi kikikaza, ndama ndiye hupunjwa kwanza. Sayansi haina jibu la huruma hapa, lakini ina onyo: hata mnyama wa ukoo unaostahimili nagana hupoteza sehemu ya ustahimilivu huo akidhoofishwa na njaa. Ndama aliyebaniwa maziwa, akajaa minyoo na kupe, hatasaidiwa sana na nasaba yake.

Mbung'o wenyewe wana udhaifu wao. Mitego ya kitambaa cha buluu na cheusi iliyobuniwa Nguruman huwavuta kwa harufu ya mkojo wa ng'ombe. La kuchekesha zaidi ni habari ya swala aitwaye kuro: mbung'o humkwepa mnyama huyo kwa sababu ya harufu yake. Watafiti wa ICIPE, taasisi ya utafiti wa wadudu, waliiga harufu hiyo, wakaitia katika kola za shingoni, wakazijaribu Kwale. Mwaka 2017 waliripoti kuwa maambukizi katika mifugo iliyovishwa kola hizo yalipungua kwa zaidi ya asilimia 80.

Mafuriko huleta adui mwingine. Homa ya Bonde la Ufa, iliyotambuliwa karibu na Naivasha mwaka 1930, huua zaidi wachanga na kuharibu mimba. Mayai ya mbu wanaoibeba hukaa udongoni hadi maji yajae. Mwishoni mwa 2006 mvua kubwa zilipopiga, Tana River ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoumia. Chanjo ipo, lakini hufaa ikitangulia mvua, na ile ya zamani yenye virusi hai haifai kwa ng'ombe wenye mimba.

Basi mfugaji wa Garsen anayetamani fahali wa gredi ili apate ndama wakubwa, apige kwanza hesabu ya dawa za nagana za mwaka mzima. Na akiamua kununua, asiwauze mitamba wake wote wa Kiorma.