Somo la Kiingereza: "Hard" na "Hardly"

Kalamu tayari?

Kwa Kiswahili twasema "mtoto mzuri", lakini "anasoma vizuri". "Mzuri" ni sifa ya mtoto. "Vizuri" ni kielezi, chaeleza jinsi asomavyo. Kiingereza nacho mara nyingi hutia "-ly" mwishoni: "slow" ni sifa, "slowly" ni kielezi. Lakini usiiamini mno hiyo "-ly". "Friend" ni jina, yaani rafiki; "friendly" ni sifa ya mtu mchangamfu, wala si kielezi.

Hatari kubwa ni hii. Unaandika barua ya kuomba kazi, unataka kusema kwamba wewe hufanya kazi kwa bidii. "Hard" unaijua, ni ngumu. Basi unaitia "-ly": "I work hardly". Ole wako! "Hardly" maana yake ni "kwa nadra sana, karibu na sivyo kabisa". Bwana mwenye kazi ataona umejishtaki mwenyewe kwa uvivu! Andika "I work hard". Hapo "hard" ni kielezi bila mkia wowote, kama "fast" katika "He runs fast".

Usitazame mkia, uliza neno laeleza kitu au tendo. Haya, andika daftarini: "a hard stone", "she works hard". Sifa ni ipi, kielezi ni kipi?