Tanuri la Matofali: Tuliwashe Lini?

Somo la leo ni juu ya kuchoma matofali. Hapa Bugomora masika huisha mwezi wa Mei, na kiangazi ni Juni mpaka Agosti. Mwezi wa Septemba mvua hurudi. Basi mwenye matofali huona siku zinakwisha, akawasha tanuri upesi. Hapo ndipo hasara huanza.

Tofali huweza kukauka nje, na ndani likawa bado bichi. Likipata moto mkali, maji ya ndani hugeuka mvuke, nao mvuke ukikosa njia tofali hupasuka. Niliona tanuri moja lililowashwa hivyo. Kuni zilikwisha, mwenyewe akabaki na vipande. Na kuni zile zilikuwa mikaratusi aliyoipanda kwa mkono wake!

Kwa hiyo usihesabu siku tu. Chukua tofali kutoka katikati ya rundo, ulivunje. Ukiona katikati pameiva rangi nyeusi kuliko pembeni, ngoja. Rangi ikiwa moja, panga tanuri na kulikandika udongo.

Anza kwa moto mdogo. Tazama juu ya tanuri: mvuke mweupe utatoka. Hayo ndiyo maji. Usiku kucha, pengine na zaidi, usiongeze kuni nyingi. Mvuke ukikoma, chochea sana, mpaka matofali ya ndani yawe mekundu kama kaa la moto. Kisha ziba midomo, tanuri lipoe lenyewe.

Na kama mvua imekuwahi? Yainue matofali juu ya magogo, uyaezeke nyasi vizuri, ungoje kiangazi kifupi cha Januari na Februari.