Sadaka Hupangwa Nyumbani

Ndugu msomaji, wewe uliye kambini, kituoni, au nyumbani ukiwangoja waliokwenda zamu, leo ningependa tuzungumze habari ya kutoa sadaka kwa furaha. Nami naona haifai kumfundisha mtu jambo hili pasipo kuanza na aibu yangu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita, katika kanisa tusalimo, kulifanywa mchango wa kuezeka paa. Msimamizi wa mchango alikuwa akiwaita watu kwa majina na vyeo vyao. Ilipofika zamu yangu aliniita bwana mkubwa wa ofisi ya wilaya, cheo ambacho sinacho, watu wakapiga makofi, nami kabla sijafikiri nikasimama na kuahidi shilingi 500,000. Makofi yalizidi. Mke wangu, aliyekuwa ameketi na akina mama wenzake, aliinamisha kichwa, maana yeye alijua kwamba karo ya watoto wetu wawili ilikuwa bado haijalipwa.

Jumapili hiyo hiyo mama mmoja mjane alileta mayai sita katika kikapu kilichotandikwa majani ya mgomba. Kama ilivyo desturi katika makanisa mengi ya Uganda, vitu vya shambani vilinadiwa baada ya ibada. Aliyeyanunua mayai yale aliyarudisha yanadiwe tena, wa pili akafanya vivyo hivyo, hata yakauzwa mara tatu, na mama yule akacheka mpaka akajifuta machozi kwa pembe ya nguo yake.

Tulipofika nyumbani mke wangu aliniuliza swali moja tu: "Baba watoto, fedha hizo utazitoa wapi?"

Nililipa ahadi ile kwa muda wa miezi saba, huku nikinung'unika, na kila nilipomwona mtunza hazina wa kanisa kwa mbali nilikata njia ya mkato. Paa liliezekwa, na mvua ikinyesha sasa hatulowi. Lakini katika miezi ile yote sikumbuki hata siku moja niliyotoa kwa moyo mkunjufu.

Swali la mke wangu ni zito kuliko linavyosikika, hasa kwetu sisi tunaokula mshahara wa Serikali, mwenye kalamu sawasawa na mwenye bunduki. Katika Injili ya Luka, sura ya 3, twasoma kwamba askari walimwendea Yohana Mbatizaji kumwuliza iwapasavyo kutenda. Yafaa tuangalie kwamba hakuwaamuru kuacha kazi yao. Aliwakataza kumdhulumu mtu na kumsingizia, akawataka watosheke na ujira wao. Kwa hiyo, kabla hatujauliza kama sadaka ni kubwa au ndogo, yatupasa kuuliza kama ni safi. Noti iliyotoka kwa mwendesha bodaboda aliyezuiwa barabarani pasipo kosa haigeuki kuwa sadaka kwa kutiwa katika kapu la kanisa. Wala noti iliyopitishwa chini ya meza yangu ofisini haigeuki.

Tena wasomaji wetu wavaao sare wasidhani kwamba ukarimu ni kazi ya wengine. Luka huyo huyo, katika sura ya 7, ataja akida mmoja wa Kapernaumu ambaye wazee wa Kiyahudi walimwombea kwa Yesu, wakitaja kwamba ndiye aliyewajengea sinagogi. Na katika kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 10, twakutana na Kornelio, akida wa kikosi cha Kiitalia kule Kaisaria, aliyewapa maskini sadaka nyingi. Mwandishi hakumsifu peke yake, bali aliitaja nyumba yake yote kuwa nyumba ya wacha Mungu. Hapo ndipo nilipoanza kufahamu kosa langu. Mimi niliahidi mbele ya watu mia tatu, na sikuwa nimemwuliza mmoja aliyepika chakula changu asubuhi ile.

Mtume Paulo aliijua vema tabia hii ya wanadamu. Alikuwa akikusanya mchango kwa ajili ya Wakristo maskini wa Yerusalemu. Watu wa Makedonia, ilhali wao wenyewe walikuwa fukara, walitoa kupita uwezo wao, tena waliomba kwa bidii washirikishwe. Wakorintho, waliokuwa na nafasi zaidi, waliahidi tangu mwaka uliotangulia, kisha wakakawia. Paulo hakuwaitia watu wa kuwapigia makofi. Aliwashauri kila mtu aweke akiba kwake siku ya kwanza ya juma, ili atakapofika pasiwe na haja ya kuchangisha. Aliwataka watoe kama kila mmoja alivyokata shauri moyoni, pasipo huzuni wala kulazimishwa. Aliongeza, na hili wenye familia kubwa walisikie, kwamba kipimo ni kile mtu alicho nacho, si kile asicho nacho. Hata fedha zenyewe hakutaka kuzibeba peke yake: alimtuma Tito pamoja na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili asilaumiwe na mtu. Laiti kila kamati ya mchango ingeiga hilo!

Wapo wahubiri wanaowaahidi watu kwamba atoaye leo atarudishiwa fedha maradufu. Paulo alitumia kweli mfano wa mpanzi, lakini mavuno aliyoyasema ni ya haki na ya shukrani kwa Mungu. Hayo ya maradufu, kwa maoni yangu, ni biashara, na mwenye biashara hufurahia faida tu.

Wala si fedha pekee. Kanisa Kuu la Namirembe lililowekwa wakfu mwaka 1904 lilichomwa na radi mwaka 1910. Lile lililopo sasa lilijengwa kati ya 1915 na 1919, na matofali yake yalipanda kilima kile juu ya vichwa vya watu.

Siku hizi, mshahara ukitoka, mke wangu nami huketi mezani na daftari. Karo kwanza, chakula, kisha bahasha ya sadaka. Si nene, lakini hatujaidai wala haijatudai. Mwezi uliopita bahasha ilikuwa imekwisha kufungwa tuliposikia kwamba jirani yetu, mke wa koplo aliyekuwa mbali kikazi, alikuwa amewalaza watoto na uji mtupu. Sikuambiwa lolote. Jioni niliona tu kwamba debe la unga halipo mahali pake. Baadaye mke wangu aliingia kwa mlango wa nyuma, debe tupu mkononi, akiimba.