Msiniulize Dawa ya Meno, Niulizeni Maji

"Daktari, nitajie dawa ya meno ya mtoto isiyo na floraidi." Ombi hili hunifikia karibu kila siku ya kliniki, mara nyingine kabla mzazi hajaketi. Anayeuliza huwa amejiandaa: ana picha kwenye simu, ana binamu wa Njoro mwenye meno ya kahawia tangu utotoni, na kwenye kikundi cha WhatsApp kuna shangazi aliyemhakikishia kwamba floraidi ni sumu. Mtoto mwenyewe ameegemea goti la mamake, mdomo wazi, meno manne ya juu ya mbele yameliwa hadi kwenye ufizi. Kuoza huko hakuulizwi. Kinachoogopwa ni rangi ambayo mtoto huyu hana.

Jina la dawa hiyo sitalitaja, na leo nitaeleza sababu kwa maandishi ili nipumzishe koo.

Hofu yenyewe haikuzuka hivi hivi. Mwaka 1984 watafiti Nair, Manji na Gitonga walichapisha vipimo vya maji ya ardhini kutoka sehemu mbalimbali za Kenya, sampuli zaidi ya 1,000. Asilimia 61 zilizidi miligramu 1 ya floraidi kwa lita, na karibu asilimia 20 zilizidi miligramu 5. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasizidi 1.5. Maeneo ya mawe ya volkano ndiyo yaliyoongoza: Bonde la Ufa, Nairobi na uliokuwa Mkoa wa Kati. Kwa hiyo anayekutana na meno ya kahawia Nakuru, Gilgil au Naivasha asidhani mwenyewe ni mchafu au mvivu wa kupiga mswaki. Meno yale ni kumbukumbu ya maji aliyokunywa akiwa mdogo.

Akiwa mdogo, nasisitiza. Meno ya kudumu ya mbele, yale yanayochomoza mtoto akiwa na miaka saba hivi, hutengenezwa ndani ya taya wakati bado anajifunza kutembea na kusema. Akimeza floraidi nyingi kila siku katika miaka hiyo, gamba la jino hukomaa vibaya na kubaki na vinyweleo visivyoonekana kwa macho. Jino hutokea na madoa meupe yasiyong'aa. Likiwa limeathirika sana, vinyweleo hivyo hunyonya rangi ya vyakula na vinywaji, likawa kahawia. Mtoto akishapita miaka minane, meno yake yote isipokuwa magego ya mwisho yameshakamilisha gamba, na hata akihamia penye maji makali, rangi hiyo haitamshika tena. Mzazi anayenyima kijana wa miaka kumi dawa yenye floraidi ili asipate madoa anafunga mlango wa zizi ambalo halina ng'ombe.

Sasa tupige hesabu, maana hapo ndipo hoja ya shangazi inapoanguka. Angalia nyuma ya tyubu. Ikiandikwa 1000 ppm, kila gramu moja ya dawa ina miligramu 1 ya floraidi. Mtoto aliye chini ya miaka mitatu anastahili dawa kiasi cha punje ya mchele, takriban sehemu moja ya kumi ya gramu. Tuseme ni mkaidi, hatemi hata tone, anameza yote asubuhi na usiku: atakuwa amemeza miligramu 0.2. Mtoto mwingine anatumia maji ya kisima chenye miligramu 4 kwa lita. Ukijumlisha maji, uji, chai na mchuzi, anapitisha lita moja kwa siku. Huyo amemeza miligramu 4, yaani mara ishirini ya yule wa kwanza, na amekuwa akifanya hivyo tangu siku alipokorogewa maziwa ya kopo, kabla hajaota jino la kupigwa mswaki. Ukimnyang'anya dawa ya meno umempunguzia 0.2 na kumwachia 4. Tena ile 0.2 ndiyo iliyokuwa ikimfanyia kazi.

Kazi yenyewe hufanyika juu ya jino. Bakteria wa kinywani hula sukari na kutoa asidi, asidi hung'oa madini kwenye gamba, na mate hujaribu kuyarudisha. Floraidi iliyobaki kwenye mate huharakisha marejesho hayo na kuliacha gamba likiwa gumu zaidi dhidi ya asidi ya kesho. Kwa kazi hiyo inatosha ikipakwa. Hakuna haja ya kuimeza. Ndiyo maana mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa ya meno yenye floraidi katika orodha yake ya dawa muhimu, pamoja na antibiotiki na dawa za malaria. Dawa ya meno isiyo nayo husafisha na kunukia. Ukitaka kunukia, nunua sabuni.

Kuna tahadhari moja ya haki. Mtoto anayefinya tyubu yenye ladha ya stroberi na kuila kama peremende anaweza kweli kupata madoa meupe. Dawa yake ni kuweka tyubu juu ya kabati na kumfinyia wewe mwenyewe. Ule utepe mrefu uliojaa mswaki mzima unaouona kwenye matangazo ni wa kuuza dawa.

Linaloniudhi zaidi ni anwani za wanaoniuliza. Wengi ni wa Nyeri mjini, Karatina na Othaya, watu wa maji ya bomba. Nyewasco, kampuni ya maji ya Nyeri, huteka maji yake mto Chania unaoshuka kutoka Aberdare. Maji ya mito kama hiyo ni ya mvua na misitu, hayakukaa muda mrefu ndani ya mawe, na floraidi yake huwa kidogo mno. Mtoto wa Ruring'u au King'ong'o anayeyanywa hana akiba yoyote ya kumlinda dhidi ya biskuti na soda. Punje ile ya asubuhi na ya usiku ndiyo ngao yake, na ndiyo mzazi wake anataka kuiondoa.

Wa kuogopa, ikiwa ni lazima tuogope, yuko upande mkavu wa Mlima Kenya: Kieni, Naro Moru, viunga vya Nanyuki na kuingia Laikipia, kila mahali ambapo familia, shule au ploti nzima inategemea kisima kirefu kilichochimbwa kwa mashine. Huko kisima kimoja huweza kuwa salama na cha jirani kisifae. Floraidi haionekani, hainuki, wala haina ladha. Kuchemsha maji hakuiondoi. Maji yakipungua sufuriani, floraidi iliyobaki huzidi kukolea. Klorini haiigusi. Chujio la kawaida la mchanga au la udongo halitoshi. Mwenye kisima anapaswa kuwa na ripoti ya maabara. Mwombe akuonyeshe mstari wa floraidi. Kama hana, ofisi ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji iliyoko Nanyuki itakuelekeza pa kupimia. Zaidi ya 1.5, mtoto anywe na apikiwe kwa maji ya mvua kutoka tangi safi, au ya bomba la mto. Yapo pia machujio ya mkaa wa mifupa, ambayo Dayosisi Katoliki ya Nakuru ilifanya kazi ya miaka mingi kuyaendeleza kwa sababu hii hii.

Mama anayenyonyesha akiwa kwenye maji ya kisima yaliyozidi kikomo asihofu maziwa yake. Mwaka 1991 Gladys Opinya na wenzake walichapisha utafiti kuhusu akina mama wa Kenya walioishi kwenye maji ya miligramu 9 kwa lita, ambayo ni mara sita ya kikomo. Floraidi iliyopatikana kwenye maziwa yao ilikuwa chembe tu. Titi huchuja kuliko mtambo wowote utakaouziwa. Hatari huanza pale maziwa ya kopo yanapokorogwa kwa maji ya kisima.

Na kabla hujaniambia kwamba nyumbani kwenu floraidi haiingii, fungua kabati la jikoni. Mchai hufyonza floraidi kutoka udongoni na kuilimbikiza kwenye majani, hata haya tunayochuma wenyewe Othaya na Tetu. Magadi yanayotiwa kwenye sufuria ili githeri ilainike upesi yamepimwa Kenya na Tanzania yakakutwa na floraidi kwa wingi. Nimeona mzazi akikataa punje moja ya dawa ya meno, kisha akatoa chupa ya chai ya maziwa yenye sukari na kumtilia mtoto wa mwaka mmoja na nusu mdomoni hapo hapo kwenye benchi la kungojea. Floraidi ya chai ile si tatizo langu kubwa. Sukari yake, inayolala na mtoto usiku kucha kwenye meno ya mbele, ndiyo iliyomleta kwangu.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka 2015 ulikuta takriban watoto wanne kati ya kumi wana madoa ya floraidi. Ulikuta pia kwamba zaidi ya asilimia 40 ya watoto wa miaka mitano wana meno yaliyooza. Madoa mengi ni mepesi na hayaumi. Meno yaliyooza huuma usiku, hujaza usaha, humzuia mtoto kula na humtoa darasani. Chagua lipi la kukukosesha usingizi.

Badala ya dawa halali wengine wamekimbilia mkaa uliosagwa na chumvi, eti ndivyo shosho alivyofanya na meno yake yakadumu. Shosho alikula nduma, ngwaci na githeri, na sukari aliionja sikukuu. Mkaa na chumvi hukwangua gamba na haviachi kinga yoyote nyuma. Poda za kung'arisha zinazouzwa stejini ni afadhali kidogo ya msasa, na ndimu ni asidi tupu. Hakuna kati ya hizo itakayofikia doa lililo ndani ya gamba la jino; zitakachofanya ni kulipunguza gamba lenyewe. Doa likimkera kijana akishakua, daktari wa meno ana njia za kulififisha au kulifunika. Mtoto wa miaka saba mwacheni na meno yake.

Sasa yale mliyopaswa kuniuliza, haraka haraka. Anza kupiga mswaki jino la kwanza linapochomoza: punje ya mchele hadi miaka mitatu, kisha ukubwa wa punje ya njegere, dawa ya ppm 1000 au zaidi. Mara mbili kwa siku, ya usiku haikosi. Piga wewe mwenyewe mpaka afike miaka saba au minane. Ateme, asisukutue. Usiku ni maji peke yake. Akifika miaka sita chungulia nyuma kabisa: gego la kudumu huota hapo bila jino lolote kung'oka, na wazazi hulidhania la utoto wakaliacha lioze. Magego ya utoto nayo hukaa hadi miaka kumi au kumi na miwili, kwa hiyo usiniambie yatang'oka tu. Tundu dogo huzibwa kwa vyombo vya mkono na simenti maalumu bila mashine, mbinu iliyoanzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Ipo dawa ya madini ya fedha inayosimamisha kuoza, ila huacha weusi. Ipo kofia ya chuma kwa gego lililobomoka. Kung'oa ni mwisho wa orodha.

Mlete kabla hajatimiza mwaka, kabla hajaumwa, ili siku ya kwanza isiwe siku ya sindano. Mabingwa wa meno ya watoto wengi wako Nairobi, na si kila mtoto anawahitaji. Kwa kawaida daktari wa meno au afisa wa afya ya kinywa aliyefunzwa chuo cha KMTC, katika hospitali ya kaunti Nyeri, Nanyuki, Kerugoya au Embu, anatosha. Nairobi ni ya matundu mengi kwa mpigo, mtoto mdogo mno, au mwenye ugonjwa wa moyo au ulemavu. Popote uendapo, hakikisha jina la anayemtibu mtoto liko kwenye rejista ya KMPDC, baraza la madaktari; iko wazi mtandaoni. Msikilize: je, ameuliza maji mnayokunywa na kinachoingia kwenye chupa ya usiku? Je, ametaja njia nyingine kabla ya koleo? Je, ametia ganzi kabla ya kung'oa? Na akikuahidi kuyafanya meno ya mtoto wa miaka saba kuwa meupe kwa siku moja, mshike mtoto mkono muondoke kabla hajawasha taa.