Kikundi kinabaki vipi wanachama wakiondoka? Mwaka mmoja katika chama cha wanafunzi wa kike huko Marekani

Katika mazungumzo yetu na vikundi vya akina mama waliokimbia makwao, kuna swali moja ambalo hurudi karibu kila mahali: kikundi kitaishi vipi ikiwa watu wake hawakai? Mwezi wa pili wa mwaka 2025, kambi za kandokando ya mji wa Goma zilipovunjwa, familia zilitawanyika kwa siku chache tu. Wengine walirudi Masisi, wengine Rutshuru, wengine wakabaki kwa ndugu mjini. Vikundi vya likelemba na vya AVEC vilivyoanzishwa humo kambini vilitawanyika pamoja na wenyewe. Sanduku la kufuli tatu halifai kitu ikiwa ufunguo mmoja uko Sake, wa pili uko Kitshanga, na wa tatu haujulikani ulipo.

Safari hii tumechukua mfano wa mbali: vyuo vikuu vya Marekani. Tunajua wapo watakaocheka. Mwanafunzi mwenye kitanda na umeme atamfundisha nini mama anayelala chini ya bâche? Hatulinganishi shida. Tunaangalia jambo moja tu. Chuo kikuu ni mahali ambapo kila mtu anaondoka. Anaingia, anasoma miaka minne, anakwenda zake. Hakuna anayebaki. Hata hivyo mumo humo kuna vyama vya wanafunzi vyenye umri wa zaidi ya miaka 100, na vinaendelea na kazi. Inafaa kuuliza vinafanyaje.

Chama chenyewe

Huko huitwa sororiti, neno lililotoka katika Kilatini lenye maana ya dada. Sisi tutasema chama cha udada. Majina yake ni herufi za Kigiriki, kwa desturi ya vyuo vya Marekani tu. Kila chama kina makao makuu ya taifa, na katika kila chuo kina tawi. Tawi laweza kuwa na wasichana kumi tu, au mia.

Vipo vyama vingi vya namna hiyo. Sisi tutazungumza hasa juu ya viwili vilivyoanzishwa na wanafunzi weusi katika Chuo Kikuu cha Howard, mjini Washington. Chuo hicho kilifunguliwa mwaka 1867, miaka miwili baada ya utumwa kufutwa nchini humo. Tarehe 15 Januari 1908, wasichana wachache, wazo likiwa la mmoja wao aliyeitwa Ethel Hedgeman, walianzisha Alpha Kappa Alpha, ambayo watu huita AKA. Wakati ule, katika majimbo mengi ya kusini, sheria ilimtenga mtu mweusi shuleni, garini na hospitalini, na wanawake wa rangi zote walikuwa bado hawana haki ya kupiga kura katika nchi nzima. Wasichana wale walikuwa wachache kati ya wachache. Waliungana kwanza ili wasaidiane kumaliza masomo.

Septemba: daftari kabla ya ngoma

Mwaka wa masomo huanza mwishoni mwa Agosti au Septemba, na humalizika Mei. Watu wa nje huwajua akina dada hawa kwa rangi za nguo zao, waridi na kijani kwa AKA, nyekundu na rangi ya maziwa kwa wenzao wa Delta. Lakini kazi ya kwanza ya mwaka si nguo. Ni mchango. Kila mwanachama hulipa sehemu ya tawi na sehemu ya taifa, na yule asiyelipa hapigi kura wala hashiki cheo mpaka alipe. Haijalishi mwaka jana alikuwa nani.

Kwetu ndipo vikundi vingi huanza kuumwa. Mtu anadaiwa miezi minne, na ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote mkutanoni. Hata hivyo hatusemi kanuni hiyo ichukuliwe nzima nzima. Mama aliyekimbia usiku na watoto mgongoni hawezi kuhesabiwa sawa na yule aliyekula pesa. Kinachofaa ni kanuni iandikwe kabla ya shida kufika, iseme aliyeugua afanyiwe nini, aliyefiwa afanyiwe nini, aliyekimbia afanyiwe nini. Ikiandikwa baada ya shida, kila mtu ataona imeandikwa juu yake.

Jambo lingine la Septemba: tawi la wanafunzi halifanyi kazi peke yake. Linakuwa na mshauri, mwanamke aliyemaliza masomo zamani na anayeishi mjini hapo. Yeye si kiongozi wa tawi. Anaangalia hesabu, anahudhuria mikutano, anakumbusha kanuni. Ni kama shangazi katika harusi: hachezi sana, lakini hakuna kinachopita bila yeye kujua.

Oktoba hadi Desemba: kazi ya nje

Katika miezi hii tawi hutoka kwenda kwa watu. Oktoba ni mwezi wa kuelimisha juu ya saratani ya matiti, na matawi mengi huandaa mazungumzo na matembezi. Kabla ya Krismasi hukusanya vyakula na nguo kwa familia maskini. Wengine hufundisha watoto wa shule za jirani jioni. Mwaka wa uchaguzi, huweka meza kwenye uwanja wa chuo na kusaidia wanafunzi kujiandikisha kupiga kura. Mezani hapo hawamwambii mtu ampigie nani.

Kazi hiyo ya kura ina mizizi mirefu. Delta Sigma Theta ilianzishwa na wasichana 22 wa Howard tarehe 13 Januari 1913. Wiki saba baadaye, tarehe 3 Machi 1913, walishiriki maandamano makubwa ya wanawake mjini Washington ya kudai haki ya kupiga kura. Ilikuwa kazi yao ya kwanza mbele ya watu, na hawakukaribishwa na wote waliokuwa wakiandamana.

Lakini mfano tunaoupenda zaidi ni wa AKA, katika jimbo la Mississippi. Kuanzia mwaka 1935 hadi 1942, kila kiangazi, wanawake wa chama hicho, wakiongozwa na daktari Dorothy Boulding Ferebee, walikwenda huko kutibu familia za weusi waliolima mashamba ya watu wengine. Mpango wa kwanza ulikuwa kufungua vituo, wagonjwa waje. Wenye mashamba wakakataa kuwaruhusu wakulima watoke. Basi wanawake wale wakageuza mpango: wakapakia dawa ndani ya magari yao wenyewe na kuwafuata watu huko huko mashambani. Walichanja maelfu ya watoto juu ya ndui na difteria. Kazi ilisimama wakati wa vita vya pili vya dunia, petroli ilipokuwa ya shida.

Sisi tunaofanya kazi kwa mashirika tunapaswa kusoma habari hiyo mara mbili. Mara ngapi tumeona kituo kimejengwa vizuri, na watu hawafiki kwa sababu barabarani kuna barriere?

Januari: siku ya waanzilishi, na habari ya mgawanyiko

Januari ni mwezi wa kumbukumbu. Vyama vyote viwili husherehekea waanzilishi wao, mmoja tarehe 15, mwingine tarehe 13. Wasichana wapya husikia majina na hadithi ya mwanzo kutoka kwa wakubwa. Na hadithi hiyo haifichi ugomvi.

Wale 22 walioanzisha Delta walikuwa wanachama wa AKA. Mwaka 1912 walitaka kubadili jina, rangi na mwelekeo, ili chama kishughulike zaidi na mambo ya jamii na siasa. Nellie Quander, aliyekuwa amekwisha kuwa kiongozi wa chama na kumaliza masomo, alikataa. Kwake yeye, waliokuja baadaye hawakuwa na haki ya kufuta kilichoanzishwa na wengine. Hawakuelewana. Wale 22 walitoka wakaanzisha Delta, naye Quander, tarehe 29 Januari mwaka huo wa 1913, akaiandikisha AKA kisheria ili isiweze kufutwa tena kwa kura ya mwaka mmoja.

Tunaikaza habari hii kwa sababu katika kazi yetu watu hufikiri kwamba kikundi kikigawanyika amani imeshindwa. Si lazima. Pande zote mbili zilikuwa na sababu za kweli.  Na mwaka 1930, tarehe 10 Mei, papo hapo Howard, lilianzishwa baraza la pamoja la vyama vya wanafunzi weusi, vya wanawake na vya wanaume. AKA na Delta wamo wote wawili mpaka leo. Wanataniana sana, kila mmoja anasema yeye ndiye bora, na wakiwa na jambo kubwa wanakaa meza moja.

Februari na Machi: wapya wanaingia, na ubaya unajitokeza

Tawi likipewa ruhusa na wakubwa wake, hupokea wasichana wapya. Msichana anaomba, anaonyesha alama zake za masomo na kazi alizofanya kwa jamii, anapendekezwa, anajifunza historia na kanuni. Akishapokelewa kuna sherehe uwanjani ambapo wapya hutambulishwa kwa ngoma ya kupiga miguu na makofi kwa pamoja, ambayo ni maarufu sana katika vyuo vya weusi. Watu hujaa. Mashindano ya ngoma hiyo huleta pesa, na mara nyingi pesa hizo husaidia kulipa minervali ya wanafunzi wahitaji.

Hapa ni lazima tuseme ukweli mwingine. Katika vyama hivi vya Marekani, vya wanawake na vya wanaume, vya weupe na vya weusi, kumekuwa na desturi ya kuwatesa wapya kwa siri: kuwanyima usingizi, kuwatukana, kuwapiga, kuwalazimisha kunywa pombe. Watu wamekufa. Mwaka 1990 vyama vya baraza lile la weusi vilifuta kipindi cha zamani cha majaribio kwa sababu hiyo, lakini siri haikuisha yote. Desemba 2024 nchi ilipitisha sheria inayolazimisha vyuo vitangaze hadharani matukio ya aina hiyo. Anayesema kwamba mateso yanajenga umoja, sisi hatumwamini. Vijana wetu waliopitia mikononi mwa vikundi vyenye silaha wanaijua njia hiyo, na wanajua inawapeleka wapi.

Tena kuna gharama. Kuingia ni pesa, nguo ni pesa, na wapo wasichana wanaokataliwa bila kuambiwa sababu. Kwa vikundi vya kambini, mlango wa namna hiyo haufai.

Wanafunzi wetu wa Bukavu, Goma, Kisangani na Lubumbashi nao wana vyama: mutuelle za watu wa kabila moja au wa territoire moja. Zimesaidia wengi wakati wa ugonjwa na msiba. Zimetumiwa pia na wanasiasa kuwachonganisha vijana. Wale wa Howard waliungana kama weusi kwa sababu walikuwa wametengwa kama weusi, lakini hawakuulizana umetoka jimbo gani au kanisa gani. Leo mwanamke wa rangi yoyote anaweza kuomba kuingia AKA au Delta. Viongozi wa mutuelle wanaosoma jarida hili watapima wenyewe.

Aprili na Mei: kukabidhi

Katika matawi mengi ya wanafunzi uchaguzi hufanyika kabla ya mwaka kwisha, wakati viongozi wa zamani bado wapo. Huenda hii ndiyo siri kubwa kuliko zote, na si siri. Mweka hazina mpya anakaa na wa zamani, wanahesabu pamoja, wanatia sahihi pamoja. Katibu anakabidhi orodha ya wanachama, muhtasari wa mikutano na ripoti ya mwaka, na nakala ya ripoti inakwenda juu. Hata kama wote wanne wa komite wataondoka siku moja, maandishi yako mahali pawili.

Mwezi Mei wanavaa kanzu za kumaliza masomo, wakiwa na vitambaa vya rangi za chama shingoni, wanalia, wanapiga picha, wanaondoka. Hapo kwetu mtu angesema: basi, kwaheri. Kwao uanachama hauishi na masomo. Katika miji mikubwa yapo matawi ya waliomaliza, na mwalimu mpya au muuguzi mpya akifika katika mji asiomjua mtu, anatafuta tawi la pale. Jina lake liko katika orodha ya taifa. Kamala Harris, aliyekuwa makamu wa rais wa Marekani kuanzia 2021 hadi Januari 2025, aliingia AKA akiwa Howard mwaka 1986. Wanawake waliomuunga mkono miaka zaidi ya 30 baadaye wengi walikuwa dada zake wa chama kutoka miji ambayo hakuwahi kuishi.

Kwa kikundi cha kambini jambo hili si gumu kama linavyoonekana. Orodha ya wanachama iandikwe mara mbili, na nakala moja ikae nje ya sanduku, kwa mtu asiyekaa mtaa mmoja na mwenye sanduku. Kila mama anayeondoka apewe karatasi yenye jina la kikundi, tarehe aliyoingia, kiasi alichoweka na sahihi za watu watatu. Kikundi cha mahali anapofika hakilazimiki kumlipa kitu. Kinamjua tu kwamba alikuwa mwanachama, na anaweza kuanza bila kusubiri mwaka mzima aaminiwe. Baadhi ya akina mama wametuuliza kama simu inaweza kushika nafasi ya karatasi. Picha ya daftari katika simu mbili ni nzuri, ila simu ndicho kitu cha kwanza kunyang'anywa njiani. Tushike vyote viwili, na tukipita tena tutaomba mtuonyeshe daftari.