Jirani msumbufu kwenye nyumba ya NHC: nani ana nguvu ya kumtoa?

Unaishi ghorofa ya tatu Kariakoo, kwenye nyumba ya Shirika la Nyumba la Taifa (NHC). Chini yako mtu kageuza chumba cha kulala kuwa stoo, mabelo yanapanda na kushuka usiku kucha, ngazi zimejaa maboksi. Juu yako ni muziki mpaka alfajiri. Kodi unalipa kila mwezi bila kukosa. Sasa unamshtaki nani?

Wengi watakwambia nenda NHC, si ndiye mwenye nyumba? Ni kweli, lakini ni nusu ya jibu. Nguvu za mwenye nyumba dhidi ya mpangaji msumbufu zimebadilika mara kadhaa, na jirani anayeteseka mara nyingi ndiye wa mwisho kujua.

Tuanze nyuma kidogo. NHC ilianzishwa mwaka 1962, lakini majengo mengi ya zamani inayoyapangisha Kariakoo, Upanga na Kisutu haikuyajenga yenyewe. Yalitaifishwa mwaka 1971, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 Msajili akaunganishwa na shirika. Ndiyo maana bado utasikia wazee wakisema "nyumba za Msajili".

Enzi hizo mpangaji alikuwa na ngao. Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya 1984 ilimbana mwenye nyumba kwenye kodi, na pia kwenye kumtoa mtu: ilibidi aende kwenye baraza la nyumba na kuonyesha sababu inayotambulika kisheria. Kuwasumbua majirani ilikuwa mojawapo ya sababu hizo. Kupangisha mtu mwingine bila ruhusa, vilevile.

Mwaka 2005 sheria hiyo ilifutwa. Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Mwongozo sasa ni Sheria ya Ardhi ya 1999 na, zaidi ya yote, karatasi uliyosaini.

Karatasi hiyo wengi tunaisaini bila kuisoma, tukiangalia tu mstari wa kodi. Lakini humo ndimo mnapokaa vipengele vya matumizi ya nyumba: makazi au biashara, ruhusa ya kupangisha mwingine, usafi, kero kwa wengine. Jirani yako akivunja kipengele chake, shirika linaweza kumwandikia onyo, kisha notisi, na asipotii likaenda kudai nyumba yake. Wewe si sehemu ya mkataba wake. Huwezi kumpa notisi hata ungekuwa umekaa hapo miaka 40.

Kuna jambo moja linalowachanganya watu. Sheria ya Ardhi inampa mpangaji haki ya kukaa kwa utulivu, lakini utulivu huo hasa ni dhidi ya mwenye nyumba mwenyewe na wanaotenda kwa niaba yake, mfano kukufungia mlango au kukuingilia ovyo. Spika ya jirani ni habari nyingine.

Ndiyo maana malalamiko ya mdomo kwa mlinzi au kwa afisa aliyepita kukusanya kodi hayafiki mbali. Shirika likitaka kumtoa mtu kwa tabia yake litahitaji ushahidi: tarehe, saa, picha za ngazi zilizozibwa, barua zilizopokelewa na kugongwa muhuri. Deni la kodi linasomeka kwenye akaunti. Kelele hazina risiti. Kwa maoni yangu, hii ndiyo sababu kubwa tunasikia kila mara kuhusu wadaiwa sugu kutolewa vyombo nje, na karibu hatusikii kabisa kuhusu aliyetolewa kwa kusumbua wenzake.

Njia ya mashauri nayo imebadilika. Tangu marekebisho ya 2021, baraza la kata haliamui tena migogoro ya ardhi. Kazi yake ni kupatanisha, na likishindwa ndani ya siku 30 mlalamikaji anasonga mbele Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ukikutana na mtu anayekwambia "kata watamhukumu", anaongelea mambo ya zamani.

Kwa kelele zenyewe huhitaji kusubiri mwenye nyumba. Kuna kanuni za mazingira za 2015 kuhusu kelele na mitetemo, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) limewahi kufunga baa Dar es Salaam kwa kosa hilo, ikiwemo mwaka 2023. Sheria ya Kanuni za Adhabu nayo inatambua kosa la kuleta kero kwa umma, hilo ni la polisi. Serikali ya mtaa ndiyo mlango wa kwanza na wa bure, na barua ya mwenyekiti husaidia kote huko mbele.

Ila Kariakoo ina ugumu wake. Mapema 2025 ilizinduliwa biashara ya saa 24. Mtaa ambao serikali yenyewe inautaka uwe macho usiku, ghorofani kuna watoto wa shule. Mwenye duka atasema ana baraka zote, na mpangaji wa juu atasema hapa ni makazi. Wote wawili wanaweza kuwa na mkataba wa shirika hilohilo.

Hali ni tofauti tena Magomeni Kota. Nyumba zile zilijengwa na Wakala wa Majengo Tanzania (TBA) kwa ajili ya kaya 644 zilizokuwa zikiishi kwenye kota za zamani, zikazinduliwa Machi 2022, na Rais Samia akaridhia wakazi wauziwe. Mpangaji akishakuwa mmiliki, notisi ya kuhama haipo tena. Inaingia sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya 2008, inayotaka wamiliki wawe na umoja wao na kanuni zao za lifti, ngazi, taka na kelele. Mbabe wa ghorofa ya nne hatolewi na TBA. Atakabiliwa na majirani zake kwenye kikao, wakiwa na daftari la mahudhurio na kanuni walizopitisha wenyewe, kama walizipitisha.